Springi Anatafutiwa Shule

Kambini, 4 Septemba

Mke wangu Mama Springi,

Salamu kwanza, habari baadaye, na msamaha mwishoni ukihitajika. Mimi mzima wa afya. Huku bondeni tunakojenga bwawa simu bado haishiki, hata nikiwa juu ya kreni yangu, na ujue hakuna kitu kirefu huku kuliko kreni yangu. Mhandisi mkuu amesoma mpaka vitabu vimemkimbia, lakini akitaka kunisemesha lazima akunje shingo kama kuku anayemeza maji. Ndiyo maana barua hii inakuja na dereva wa lori la saruji, yule mwenye pengo. Mpe chai, usimpe maneno, maana anayasambaza njia nzima.

Nimekata shauri kuhusu sekondari ya mtoto. Ni ile shule ya binafsi yenye uwanja wa mpira wa kikapu uliopakwa rangi ya samawati, na paa juu yake, na taa. Mchomeleaji wetu ana gazeti lenye picha yake, nimelitazama mpaka limechanika kwenye mkunjo. Mimi nimeshusha mizigo kwenye bandari ambazo wewe hata kwenye ramani utazitafuta kwa miwani. Nimeona viwanja, nimeona matajiri na watoto wa matajiri. Nakwambia ule ni uwanja wa kimataifa. Sasa mtoto anayeruka mpaka mtaa mzima umesahau jina lake, unamwita Springi tu, mtoto anayesalimia watu mpaka mbwa wao, utampeleka wapi kwingine?

Najua utanitajia ile shule ya ghorofani, juu ya duka la rangi. Mama, akiruka mle ndani atagonga dari, tumuuguze.

Mimi niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza kwa kutazama na kuuliza maswali ya kijinga. Mwanangu ataingia kwa mlango wa mbele.

Wako uliyemkosa sana,
Mzee wa Juu


Nyumbani, 12 Septemba

Baba Springi,

Barua yako nimepata. Dereva amekunywa chai akaongeza, akaongeza tena, na muda wote anaichungulia bahasha kama vile ina jina lake.

Nimekusoma nikiwa kazini, kwenye chumba cha pasi, mvuke umejaa na mashuka ya hospitali yamerundikana mpaka yameziba dirisha. Wenzangu wakaniuliza nacheka nini. Nikawaambia mume wangu amechagua shule kwa rangi ya sakafu.

Sasa nisikilize, wewe uliye juu. Ile shule ya ghorofani niliingia Jumamosi bila kualikwa. Ngazi zinanuka rangi, kweli, na koridoni mkipishana wawili lazima mmoja ageuke ubavu. Lakini nilisimama mlangoni mwa darasa nikaona watoto wanabishana na mwalimu, na mwalimu anafurahi. Mwanao anahitaji mtu wa kubishana naye, maana hapa nyumbani ananimaliza mimi. Mpira wanachezea uani, kwenye zege lenye nyufa, na kikapu kimoja kimepinda. Najua utacheka. Cheka.

Hata hivyo ya kwako nitakwenda kuiona. Wana siku ya majaribio mwisho wa mwezi. Nitampeleka, nitatazama bila kinyongo. Ila nakuomba kitu kimoja tu: usitangaze huko kabla hatujajua. Nakujua.

Mwenyewe ukimuuliza anasema popote penye mpira na watu. Jana nimemtuma mkate, karudi giza linaingia, mkate umebonyea. Eti alikuwa anamsaidia fundi viatu kusukuma toroli, wakaanza soga, soga ikanoga.

Mkeo,
Mama Springi


Kambini, 19 Septemba

Mke wangu,

Umechelewa. Nimeshatangaza.

Nisamehe, ndiyo maana niliweka akiba ya msamaha barua iliyopita. Nilipanda juu ya benchi la kantini nikawaambia: jamani, mwanangu anakwenda shule ya uwanja wa samawati, na miaka si mingi mtalipa kiingilio kumwona. Watu walipiga meza mpaka sahani zikaruka. Mchomeleaji akavua kofia, akaizungusha, kila mtu akatia chake, hata mhandisi. Wamemnunulia raba! Nyekundu, soli ina hewa ndani. Mpishi kazijaribu mwenyewe kabla hatujazifunga, akaruka mara moja akasema anasikia vizuri, ijapokuwa miguu yake na ya Springi haina undugu. Dereva anakuletea. Hakikisha anazivaa siku hiyo.

Na siku hiyo uniandikie kila kitu. Sitaki "alicheza vizuri." Nataka mkono ulikuwa wapi, mguu ulikuwa wapi, alitazama upande gani. Mama Springi, mizigo mingi mimi naishusha mahali nisipopaona, nyuma ya ukuta, ndani ya shimo. Aliye chini ananielekeza, mimi natii. Kwa hili la mtoto, aliye chini ni wewe.

Ila nielekeze kwenye samawati.

Mzee wa Juu


Nyumbani, 29 Septemba

Baba Springi,

Leo nakubali nilikosea, na barua hii usiibandike ukutani.

Shule ni nzuri. Ile sakafu inang'aa, ningeweza kutandika shuka nikapiga pasi palepale. Maktaba ina viti vya mito. Mwalimu wa michezo ni bwana mmoja wa sauti ya chini, miwani kaipandisha kichwani, ananiita mama kila baada ya neno. Nikajikuta nimetulia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Umetaka kila kitu, haya. Springi alivaa raba zako. Kipindi cha kwanza alikuwa moto. Aliruka, akapokonya, akatia kikapuni huku akitabasamu. Kijana mmoja wa upande wa pili alipoanguka, mwanao akamwinua, na nilimwona kabisa anamuuliza jina lake wakati mpira unaendelea. Wakati wa mapumziko mwalimu wa michezo akamchukua kando, mkono begani, wakaongea kwa muda. Yaani yule bwana aliongea. Springi alikuwa anatazama raba.

Kipindi cha pili kabla filimbi haijalia, akasimama katikati ya uwanja, akanitazama mimi. Akanyoosha mikono yote miwili kama mbawa, viganja chini, akawa anaipeleka nje na kuirudisha, nje na kuirudisha. Nikainuka nikampigia makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wazazi wengine nao wakainuka. Yeye akarudia, kwa nguvu zaidi, ananitazama tu. Furaha kama ile sijawahi kuiona kwa mtoto.

Wamemkubali papo hapo, na ada wanapunguza nusu. Tarehe kumi nakwenda kumwandikisha rasmi.

Tangu turudi amepoa, nadhani ni uchovu. Jana kampita fundi viatu bila salamu, mpaka fundi kaja mlangoni kuuliza kama mtoto anaumwa.

Umeshinda, bwana. Jipongeze, lakini kwa sauti ndogo.

Mama Springi


Kambini, 4 Oktoba

Mama Springi,

Usimwandikishe.

Dereva ameniapia kwamba utaipata hii mkononi kabla ya tarehe kumi, na kwa mara ya kwanza sijamtania.

Ile haikuwa furaha. Kazini kwetu mtu wa chini anaongea na mtu wa juu kwa mikono, maana injini inakula sauti. Mkono mmoja ukinyooshwa, kiganja chini, ukaenda na kurudi, maana yake simama. Mikono miwili maana yake simama sasa hivi, mtu ataumia. Ishara nyingine zote napokea kwa mwelekezaji wangu peke yake. Hiyo moja akiipiga yeyote, hata mpishi, hata mtu nisiyemwamini na kijiko, naacha kila kitu kilivyo. Maswali baadaye.

Springi anaijua. Nilimfundisha likizo ile lifti ya jengo letu ilipokufa. Tulikuwa tunapandisha ndoo za maji kwa kamba kutoka kibarazani, mimi juu navuta, yeye uani ananiashiria nisigonge madirisha ya watu. Wewe ulikuwa zamu. Ulirudi ukakuta maji yamejaa, ukanisifu nina kifua cha kubeba ndoo ngazi zote zile, na mimi, unavyonijua, sikukusahihisha.

Mtoto alikuwa anakuambia simama, wewe unampigia makofi. Ungejuaje? Hakuna lawama hapa. Lakini kuna kitu yule bwana mwenye miwani kichwani alimwambia. Muulize. Akikataa kusema, mpe kalamu na bahasha, aniandikie mimi, na wewe usiifungue.

Raba zisikuumize kichwa. Watu wa kambi walionunua nitawajibu mimi.

Mumeo


Nyumbani, 6 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Mama kanipa kalamu, kisha kasimama mlangoni, kisha kaondoka, kisha karudi kuuliza kama nina wino. Sasa kaenda kweli.

Nilidhani Mama anaijua ile ishara. Nilivyoona anapiga makofi niliongeza nguvu, ndiyo wazazi wote wakasimama. Baba, usinicheke, nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Mwalimu wa michezo alisema nina kipaji ila nimezaliwa mapema mno. Alisema hivyo kabisa, kama mimi ndiye niliyekosea. Kwa umri wangu nitacheza nao kombe la vijana wadogo mara moja tu, halafu basi. Kwa hiyo nitarudishwa darasa, nikasome tena niliyokwisha kuyasoma, na kwenye karatasi nitapunguzwa miaka miwili. Alisema cheti kipya cha kuzaliwa ni kazi yao, wamewafanyia wengine. Ndiyo maana ada ni nusu.

Nikamuuliza, nikiulizwa na watu je? Akasema hapo ndipo penye shida yangu. Ameniangalia kipindi kizima nikiongea na kila mtu, na mchezaji wa mdomo mwingi anajichoma mwenyewe. Akasema nianze mazoezi ya kunyamaza kuanzia siku ile. Wachezaji wao wanakula meza yao na kulala bweni lao, hawachanganyiki. Nikaona jinsi wanavyokaa, Baba. Wanatazama sahani.

Nimejaribu kunyamaza wiki hii. Nimempita fundi viatu. Ilikuwa mbaya.

Sikusema kwa sababu ulishawaambia watu wote wa kambi, na walinunua raba, na wewe ulifurahi. Nikawaza, miaka miwili tu, labda naweza kuizoea. Ila nikiulizwa sasa hivi, sitaki. Ukisema niende, nitakwenda.

Mwanao,
Springi


Kambini, 11 Oktoba

Mwanangu Springi,

Marahaba, na marahaba tena.

Barua yako nimeisomea juu ya kreni, ndoano ikiwa tupu, maana si ya kusoma ukiwa na mzigo. Nitakuambia nilichofanya. Kwanza nilimtukana yule bwana kwa lugha nne, mbili kati ya hizo najua matusi peke yake. Halafu, ukweli ni ukweli, nikawaza lile kombe. Nikakuona umelishika. Nikajiona mimi kwenye picha pembeni yako, nimevaa tai. Nikawaza, darasa moja ni nini, mimi mwenyewe mbona niliyaruka mengi tu nikaishi. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukuambia.

Kisha nikarudia pale uliposema utakwenda nikisema uende. Hapo nikashuka chini.

Huendi. Umepiga ishara, mzigo umesimama, kazi imekwisha. Na usije ukanyamaza tena kwa sababu mimi nimefurahi. Furaha yangu ni kubwa lakini si ya kukaliwa na mtu ndani yake.

Kantini nimekwenda mwenyewe, nikapanda benchi lilelile. Nikawaambia jamani, niliyotangaza nimeyafuta, mwanangu haendi kule, walitaka kumfanya mdogo wake mwenyewe. Mchomeleaji akauliza, "Na raba je, Mzee wa Juu, zirudi?" Nikamwambia raba hazina umri. Wakacheka mpaka mpishi akatoka na mwiko kuuliza kulikoni. Mhandisi alinisubiri nje. Akaniambia, kwa sauti ya mtu ambaye hajazoea kuongea nami uso kwa uso, "Ningekuwa mimi, sijui kama ningepanda benchi mara ya pili." Nikamjibu benchi ni fupi sana, mimi nimezoea vya juu zaidi. Lakini nakuambia wewe, lile benchi nililipanda polepole kuliko kreni.

Sasa shule utachagua wewe. Mama yako atakupeleka kule ghorofani. Mimi niliipinga kwa picha ya gazeti, kwa hiyo nimepoteza haki ya kupiga kura. Uliza maswali yote uliyonayo. Wakichoka na maswali yako, rudi nyumbani, tutatafuta nyingine. Mkoa una shule nyingi kuliko visingizio vyangu.

Kamsalimie fundi viatu.

Baba yako


Nyumbani, 22 Oktoba

Baba Springi,

Kesi yangu kwanza. Mtoto amenisamehe yale makofi, ila kila nikipita na bakuli la mboga ananipigia mikono miwili, nisimame, aonje. Ameanza kunizoea.

Tumekwenda ghorofani. Mwalimu mkuu ni mama mmoja mfupi, vidole vina chaki, meza yake imejaa mipira iliyotoboka, anaiziba mwenyewe huku anaongea na wewe. Nikamwambia yote yaliyotokea, sikuficha, maana nilitaka kuona uso wake. Akaweka mpira chini. Akamgeukia Springi, hakunigeukia mimi: "Una miaka mingapi?" Springi akasema kumi na minne. Akasema, "Vizuri. Na mbali na kuruka unapenda nini?"

Baba Springi, hilo swali hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata sisi. Mtoto alikaa kimya, nikaogopa kimya kile kimerudi. Kisha akasema anapenda kujua watu wanafanyaje kazi zao. Akaanza na fundi viatu, akaja kwenye kreni, akaja kwenye pasi zetu za mvuke, sikujua anajua hata zinavyofunguliwa. Yule mama akamwacha aongee mpaka kengele ikalia.

Tulipotoka nje sikumwona mwanao. Nimemkuta uani, shati nje, amepanda mabega ya wavulana wawili ambao dakika ile ndiyo amewajua, wananyoosha kile kikapu kilichopinda. Hakijanyooka. Akanipigia kelele toka kule juu: "Mama, hapa!"

Nimemwandikisha. Darasa lake, umri wake. Ada ni kamili, hakuna nusu. Tutabana. Pasi zipo na kreni ipo.

Kule kwa samawati hawajajua, wamepiga simu wanamsubiri. Mimi nitaandika vibaya kwa hasira. Andika wewe. Ila kwa adabu.

Mkeo,
Mama Springi


Kambini, 27 Oktoba

Kwa Mkuu wa Shule,

Mheshimiwa,

Mimi ni mwendesha kreni, baba wa kijana mrefu wa raba nyekundu aliyefika kwenu siku ya majaribio. Mke wangu ameniagiza niandike kwa adabu, na mimi kwa mke wangu sibishi, kwa hiyo utaona mahali nimefuta.

Uwanja wenu ni mzuri. Nasema hivyo kama mtu aliyetembea. Taa ni nzuri, rangi ni nzuri. Mwanangu hatakuja.

Mwalimu wenu wa michezo alimwambia kwamba mtampunguza miaka miwili. Labda hujui. Kama hujui, sasa unajua, na nina hakika utalifanyia kazi, maana wale vijana wengine wanaotazama sahani nao wana baba zao. Kama ulijua, basi soma polepole.

Miaka ya mwanangu ninaifahamu mmoja mmoja. Upo aliojifunza kutembea kwa kushika pindo la gauni la mama yake. Upo aliovunja kioo cha jirani, akaenda kusema mwenyewe kabla jirani hajarudi, akakaa kwenye ngazi akimsubiri. Upo alioumwa mpaka sisi wawili tukasahau kula. Upo ambao mimi nilikuwa mbali mwaka mzima, nikarudi nikamkuta ananifikia begani, na huo ndio ningeukubali upunguzwe kama ungenirudishia. Nimeipanga yote, nimeitazama kutoka juu na kutoka chini. Sijaona miwili ya kutupa.

Mtakutana naye kombe la mwakani, kwenye kundi la umri wake. Hamtapata shida kumtambua. Ni yule atakayewasalimia kwanza.

Wako mtiifu,
Baba yake